Mnunuzi wa simu aambiwe nini kuhusu mawimbi yake?

MTU anapoingia dukani kununua simu ya mkononi huelezwa mambo mengi. Huambiwa kwamba betri hukaa siku mbili, kwamba kamera hupiga picha hata gizani, na kwamba kuna nafasi ya laini mbili. Akiomba kupunguziwa bei, muuzaji ataisifu simu hiyo hadi mate yamkauke. Jambo moja ambalo ni nadra kutajwa ni kiasi cha nishati ya mawimbi ya redio ambacho simu hiyo inaweza kuingiza mwilini, na umbali ambao watengenezaji wenyewe waliacha kati ya simu na mwili walipoipima.

Habari hiyo ipo. Imeandikwa kwa herufi ndogo katika kijitabu cha maelezo, au imewekwa ndani ya simu yenyewe mahali ambapo wachache hufika. Huko Marekani watu walishindana mahakamani kwa muda wa miaka 10 kuhusu swali hili: je, muuzaji alazimishwe kumweleza mnunuzi habari hiyo kabla hajatoa pesa zake? Na ikiwa atalazimishwa, aseme nini hasa? Swali la pili ndilo gumu zaidi, kwa sababu nambari inayotolewa bila maelezo yafaayo huweza kumpotosha mtu badala ya kumsaidia.

Kipimo cha SAR

Simu ni redio ndogo inayopokea na kutuma. Ili sauti yako ifike kwenye mnara, simu hutuma mawimbi pande zote, na sehemu ya nishati hiyo huingia katika kichwa, mkono au paja lililo karibu nayo. Mawimbi haya ni ya jamii moja na yale ya redio, ya televisheni na ya jiko la maikrowevu. Hayana nguvu ya kuvunja chembechembe za urithi zilizo ndani ya seli kama ifanyavyo miale ya eksirei. Athari yake iliyothibitishwa bila shaka ni kupasha mwili joto, na viwango vyote vya usalama vinavyotumika duniani vimejengwa juu ya msingi huo.

Kiasi kinachofyonzwa na mwili hupimwa kwa wati kwa kila kilo moja, na wataalamu hukiita SAR. Nchini Marekani, Tume ya Mawasiliano ya Serikali Kuu, ijulikanayo kwa herufi FCC, iliweka kikomo mwaka 1996: wati 1.6 kwa kilo, zikihesabiwa kwa wastani wa gramu moja ya mwili. Nchi za Ulaya hutumia wati 2 kwa kilo, lakini kwa wastani wa gramu 10. Tofauti kati ya 1.6 na 2 yaonekana kuwa ndogo, ilhali si ndogo hata kidogo. Ukitia kijiko kimoja cha sukari katika kikombe cha chai utaonja utamu. Ukikitia katika sufuria nzima utamu huo utapotea. Vivyo hivyo, joto lililokusanyika mahali padogo huonekana wazi katika gramu moja, lakini hufifia likigawanywa kwa gramu 10. Kwa hiyo kikomo cha Marekani ni kikali zaidi, na mtu asilinganishe nambari ya simu iliyopimwa Ulaya na ile ya simu iliyopimwa Marekani.

Vikomo hivi viliwekwa mbali na mahali ambapo madhara yalionekana. Katika majaribio ya wanyama, mabadiliko ya tabia yalianza kuonekana mwili mzima ulipofyonza karibu wati 4 kwa kilo. Kikomo cha mwili mzima kwa raia wa kawaida kikawekwa kuwa 0.08, yaani sehemu moja ya hamsini. Jambo hili lafaa kukumbukwa kila tunaposikia kwamba simu fulani imepita kikomo. Kupita kikomo ni kosa la kisheria, na ni dalili kwamba kuna mtu hakufanya kazi yake vizuri, lakini hakumaanishi kwamba mwenye simu ameumia.

Upimaji wenyewe hufanywa kwa kichwa cha plastiki kilichojazwa maji maalum yanayofyonza mawimbi kama ubongo ufanyavyo. Umbo la kichwa hicho lilitokana na vipimo vya wanajeshi wa Marekani wenye vichwa vikubwa. Simu huwekwa sikioni, ikalazimishwa kutuma kwa nguvu zake zote, kisha kijiti cha kupimia kikatafuta mahali palipofyonza nishati nyingi zaidi. Hiyo ndiyo nambari ya kichwa. Kuna nambari nyingine ya kiwiliwili, na hiyo kwa miaka mingi ilipatikana simu ikiwa imeachiwa nafasi kutoka kwa mwili, kana kwamba kila mtu hubeba simu yake katika mkoba uliofungwa kwenye mshipi. Kijitabu cha iPhone 4, simu iliyotoka mwaka 2010, kilimtaka mtumiaji aiweke angalau milimita 15 kutoka mwilini. Ni wanunuzi wangapi waliosoma hayo? Na mtu anawezaje kuacha milimita 15 kati ya simu na paja lake ndani ya suruali ya jinzi?

San Francisco yathubutu

Mwezi wa Juni 2010, halmashauri ya jiji la San Francisco, jimbo la California, ilipitisha kwa kura 10 dhidi ya moja sheria ndogo iliyowataka wenye maduka kuonyesha kiwango cha SAR kando ya kila simu. Meya Gavin Newsom aliitia sahihi. Lilikuwa jiji la kwanza nchini humo kufanya hivyo, na makampuni hayakuchelewa kujibu. Chama chao, CTIA, kilitangaza kwamba hakitaandaa tena maonyesho yake ya kila mwaka katika jiji hilo, na mwezi wa Julai kikaenda mahakamani.

Hoja ya chama hicho ilikuwa kwamba kila simu iliyoidhinishwa na FCC ni salama, na kwa hiyo kumwonyesha mnunuzi nambari mbili tofauti ni kumfanya aamini kwamba yenye nambari ndogo ni salama zaidi. Si vyema kuitupa hoja hii kwa sababu tu imetolewa na wafanyabiashara. Nambari ya SAR huonyesha hali mbaya kupita zote, simu ikituma kwa nguvu zake zote. Katika matumizi ya kila siku simu hupunguza nguvu kadiri mtandao unavyokuwa mzuri. Mtu mwenye simu ya 1.5 anayeongea akiwa karibu na mnara anaweza kupata mawimbi machache mno kuliko mwenzake mwenye simu ya 0.6 aliye bondeni, ambako mtandao hupatikana kwa taabu. Hata matatu iendayo kasi, ambayo bodi yake ya chuma huzuia mawimbi, huifanya simu ipige kelele zaidi, kama mtu anayeitana na mwenziwe ng'ambo ya mto. Bei ya sukari dukani ni bei ile ile kwa kila mnunuzi, lakini nambari ya SAR haiko hivyo.

Jiji nalo lilitambua udhaifu huo. Mwaka 2011 lilibadilisha sheria yake, likaacha nambari na badala yake likaagiza maduka yabandike bango na kumpa mteja karatasi ya ushauri wa jinsi ya kupunguza mawimbi yanayomfikia. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, Jaji William Alsup aliruhusu karatasi hiyo itolewe baada ya kusahihishwa, lakini akalikataa bango. Septemba 2012 mahakama ya rufaa ilizuia hata karatasi. Chini ya katiba ya Marekani, serikali inaweza kumlazimisha mfanyabiashara aseme ukweli mtupu usio na ubishi kuhusu bidhaa yake, lakini haiwezi kumlazimisha aeneze maoni ya serikali. Ushauri wa jiji, mahakama ikaona, ulikuwa na ubishi. Mwezi wa Mei 2013 San Francisco ilikubali kuachana na sheria hiyo.

Maneno matatu ya Berkeley

Ng'ambo ya ghuba, mji wa Berkeley ulijifunza kutokana na makosa ya jirani yake. Sheria yake ya Mei 2015 haikutaja nambari yoyote wala haikutoa ushauri wa kitabibu. Ilimtaka muuzaji ampe mnunuzi ilani fupi yenye mambo matatu: kwamba serikali imeweka viwango vya mawimbi ambavyo simu lazima zivitimize, kwamba ukiibeba simu iliyowashwa na kuunganishwa na mtandao katika mfuko wa suruali au wa shati, au ukiitia ndani ya sidiria, huenda ukapita viwango hivyo, na kwamba maelezo ya jinsi ya kuitumia yamo katika kijitabu au ndani ya simu.

Hata wasomaji wetu wataitambua hiyo sidiria. Kina mama wengi sokoni na mashambani huweka humo pesa na simu, kwani ndipo mahali ambapo mwizi hawezi kupafikia kwa urahisi.

CTIA ilishtaki tena. Safari hii mji ulitetewa bila malipo na Lawrence Lessig, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Harvard. Jaji Edward Chen aliifuta sentensi moja tu, iliyosema kwamba hatari ni kubwa zaidi kwa watoto, na sehemu iliyosalia ikaanza kutumika Machi 2016. Mahakama ya rufaa iliunga mkono mji mwaka 2017, na mwaka 2019 ikaunga mkono tena baada ya Mahakama ya Juu kuirudisha kesi ili itazamwe upya. Ilidhaniwa kwamba vita vimekwisha. Kisha mwaka 2020 FCC yenyewe iliiandikia mahakama kwamba ilani hiyo yaingilia mamlaka yake, kwa kuwa yamfanya mnunuzi afikiri kuwa simu zilizoidhinishwa zinaweza kudhuru. Septemba mwaka huo Jaji Chen alikubaliana na FCC, na ilani ya Berkeley ikafa.

Mwandishi wa makala haya anaona uamuzi huo ni wa ajabu kidogo. Ilani haikusema jambo lolote ambalo halikuwa tayari limeandikwa na watengenezaji katika vijitabu vyao kwa matakwa ya FCC hiyo hiyo. Ikiwa maneno ni ya kweli yakiwa ukurasa wa 40 kwa herufi ndogo, yanakuwaje ya kupotosha yakiletwa kwenye kaunta? Mwaka 2021 mahakama nyingine ya rufaa, mjini Washington, iliiambia FCC kwamba haikueleza vya kutosha kwa nini iliamua kubaki na viwango vya 1996 bila kuvichunguza upya, hasa kuhusu watoto na matumizi ya muda mrefu.

Ufaransa walipima wenyewe

Ufaransa ilishika njia tofauti. Sheria yake ya mwaka 2010 iliamuru SAR ionyeshwe mahali simu inapouzwa na katika matangazo, na maduka yakaanza kutii mwaka 2011. Lakini Wafaransa hawakuishia kwenye kibandiko. Wana shirika la serikali, ANFR, ambalo hununua simu madukani kama mteja mwingine yeyote, likazipima lenyewe na kutangaza matokeo.

Hapo ndipo jambo zito lilipogunduliwa. Ripoti iliyotolewa mwaka 2016 na shirika la afya la nchi hiyo, ANSES, ilionyesha kwamba miongoni mwa simu ambazo ANFR ilizipima zikiwa zimegusana na mwili, asilimia 89 zilipita wati 2 kwa kilo. Simu zile zile zilikuwa zimefaulu zilipopimwa kwa nafasi ya milimita kadhaa ambayo sheria iliruhusu. Hakuna aliyekuwa amevunja sheria, ila sheria yenyewe haikufanana na jinsi watu wanavyobeba simu. Mwaka huo huo Ulaya ilipunguza nafasi hiyo, na tangu hapo kiwiliwili hupimwa simu ikiwa mbali kwa milimita 5, si zaidi.

Septemba 2023, ANFR iliagiza iPhone 12 iondolewe madukani baada ya kupata wati 5.74 kwa kilo katika kipimo cha simu iliyoshikwa mkononi au iliyo mfukoni mwa suruali, ambako kikomo ni wati 4. Kampuni ya Apple ilibishana kuhusu njia ya upimaji, lakini ilirekebisha programu ya simu hiyo kwa wateja wa Ufaransa, na ilipopimwa tena ikawa chini ya kikomo. Simu hiyo ilikuwa imeuzwa tangu mwaka 2020. Lau muuzaji angeachiwa atangaze nambari aliyopewa na mtengenezaji bila mtu mwingine kuihakiki, hakuna ambaye angejua.

India nayo tangu mwaka 2012 imefuata kikomo cha 1.6 kama Marekani na kutaka nambari hiyo ionekane kwenye simu. Ubelgiji, kuanzia Machi 2014, ilipiga marufuku simu zilizotengenezewa watoto wa chini ya miaka 7, na kuagiza SAR itangazwe dukani.

Je, simu huleta saratani?

Hofu iliyo nyuma ya sheria zote hizi ni saratani ya ubongo. Mwezi wa Mei 2011, wanasayansi 31 kutoka nchi 14 walikutana Lyon, Ufaransa, chini ya shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, wakayaweka mawimbi ya simu katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani. Neno hilo liliwatia wengi kiwewe. Lakini kundi hilo, 2B, ni la vitu ambavyo ushahidi wake ni hafifu, na ndani yake mna pia dondoo la jani zima la mshubiri.

Kilichowasukuma wanasayansi hao ni pamoja na utafiti uitwao Interphone, wa nchi 13, uliochapishwa mwaka 2010. Kwa jumla haukuona ongezeko la uvimbe wa ubongo. Ila kwa wale waliosema wametumia simu kwa saa 1,640 au zaidi maishani, aina moja ya uvimbe ilionekana kuwa juu kwa asilimia 40. Watafiti wenyewe walionya kwamba huenda ni kosa la kumbukumbu, kwani mgonjwa akiulizwa aliongea kwenye simu kwa saa ngapi miaka 10 iliyopita, hukisia, na hukisia huku akitafuta chanzo cha maradhi yake.

Mwaka 2018 utafiti wa serikali ya Marekani ulipata uvimbe moyoni mwa panya madume waliopigwa mawimbi mwili mzima kwa saa 9 kila siku kwa miaka 2. Ajabu ni kwamba panya hao waliishi muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakupigwa mawimbi. Kisha mwaka 2024 yalitoka matokeo ya uchunguzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, uliokusanya tafiti 63 kutoka nchi 22. Haukuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia simu kwa miaka 10 au zaidi. Simu zimeenea duniani kwa zaidi ya miaka 30 na saratani ya ubongo haikupanda pamoja nazo.

Basi mbona tujisumbue kudai habari? Kwa sababu haki ya kuambiwa haingoji maiti. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 46, humpa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa anayoinunua. Haisemi ni lazima bidhaa iwe imemdhuru mtu kwanza. Hapa Kenya simu huhitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano kabla ya kuuzwa, lakini idhini ni jambo kati ya serikali na mwagizaji. Mnunuzi haoni chochote. Isitoshe, simu bandia hazikupimwa na mtu. Serikali ilipozima simu bandia mnamo Septemba 30, 2012, zilizozimwa zilikuwa zaidi ya milioni moja. Nambari ya SAR iliyochapishwa kwenye kisanduku cha simu kama hiyo haina thamani kuliko wino wake.

Kuna hata jambo ambalo halina ubishi na ambalo muuzaji angepaswa kulitaja. Mtu aliyetiwa kifuani kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo hushauriwa asiweke simu karibu nacho kwa chini ya sentimita 15. Mfuko wa shati umo ndani ya kipimo hicho.

Kwa yule ambaye angependa kupunguza mawimbi yanayomfikia bila kuacha simu, umbali ndio dawa, maana nishati hupungua kwa kasi kila simu inaposogezwa hata kidogo. Tumia kipaza sauti au visikizi kwa mazungumzo marefu. Mtandao ukiwa dhaifu, andika ujumbe au ungoje ufike mahali pazuri. Usiku usilale na simu chini ya mto, iweke mezani. Mtoto akitaka kutazama katuni, zipakue kwanza, kisha uzime mtandao kabla ya kumpa simu aipakate. Vibandiko vinavyouzwa kwa madai kwamba huzuia mawimbi usivinunue. Vikiziba antena, simu hulazimika kutuma kwa nguvu zaidi.

Na habari ambayo muuzaji hakukupa unaweza kuitafuta mwenyewe. Katika simu nyingi, ukibonyeza *#07# utaona viwango vya SAR. Ikikataa, fungua sehemu ya mipangilio na utafute habari za kisheria, au usome kurasa za mwisho za kijitabu. Utakuta nambari mbili, moja ya kichwa na nyingine ya mwili, na mara nyingi kando yake umbali uliotumiwa katika upimaji, kwa milimita. Anza na huo umbali, kisha utazame mahali unapoiweka simu yako kila siku.